Ripoti Hupanda, Jibu Halishuki

Mwaka juzi mtungi wa gesi wa kilo sita ulitoweka mlangoni pa jirani yangu wa orofa ya tatu. Alikuwa ameutoa nje apate nafasi ya kudeki. Ploti nzima ilijua ni nani. Keateka, yule msimamizi anayefungua geti alfajiri na kulifunga usiku wa manane, alijua hata duka ulikouzwa. Mimi na mwenye mtungi tukaenda kituoni, tukaandikisha kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, tukapewa namba kwenye kipande cha karatasi kilichochanwa daftarini, tukaambiwa tutapigiwa simu. Jina la kijana tulilitaja kwa sauti ya chini, kaunta ikiwa na watu wengine watano nyuma yetu. Siku ya tatu kijana mwenyewe alinisimamisha ngazini. Hakunitisha. Aliniuliza tu, kwa upole ulioninyima usingizi: “Buda, mbona unanitaja huko?”

Jibu la kituo sijalipata hadi leo. La mtaa lilinifikia kwa siku tatu.

Nimehudhuria mabaraza mengi ya polisi jamii, ule mpango wa polisi na wakazi kulinda mtaa pamoja, na karibu yote humalizika kwa wimbo uleule: wananchi, mnawajua wahalifu, mnaishi nao, mnakula nao, toeni ripoti. Afisa akishaketi, chifu husimama na kurudia. Lawama hii imezoeleka kiasi kwamba hata sisi wakazi tumeanza kuiamini, tukajiona watu wa kuongeza sauti ya televisheni jirani anapopiga mayowe. Mimi siikubali. Watu wa Nairobi husema sana. Humwambia keateka, humwambia mama mboga, huandika kwenye kundi la WhatsApp la ploti, humnong’oneza pasta baada ya ibada. Na mwizi wa simu akinaswa stejini, watu haohao husema kwa mawe na tairi, na hiyo nayo, tupende tusipende, ni polisi jamii iliyozitangulia semina zote. Maneno yapo tele. Tatizo ni kwamba anayeyapokea hadaiwi na yeyote aeleze aliyafanyia nini.

Mpango wenyewe si mgeni jijini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wafanyabiashara wa katikati ya jiji, kupitia chama chao, walianza kushirikiana na polisi, enzi ambazo kupita River Road na saa nzuri mkononi kulikuwa kucheza kamari. Aprili 2005 Rais Mwai Kibaki akauzindua rasmi kule Ruai. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka wa 2011 ikautengea sehemu nzima, na ukiisoma utakuta, sambamba na ushirikiano na mawasiliano, lengo ambalo barazani sijawahi kulisikia likitajwa: kuboresha uwazi na uwajibikaji wa polisi kwa jamii. Waliotunga sheria waliwaza barabara ya kwenda na kurudi.

Kisha ikaja Westgate. Septemba 21, 2013 magaidi walivamia jumba lile la biashara na watu 67 wakauawa. Serikali ya Uhuru Kenyatta ikajibu kwa Nyumba Kumi, mpango wa kuwataka majirani wa kila nyumba kumi wajuane na kutoa habari, na mkuu wa mkoa wa zamani, Joseph Kaguthi, akakabidhiwa kuongoza kamati yake. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, mkondo ulipogeuka. Swali lililoupa nguvu mpango huu lilikuwa la kumtambua mgeni: jirani yako ni nani, ametoka wapi, ana nini ndani? Baada ya msiba kama ule nani angelilaumu? Ila ni swali la kijasusi, na mfumo uliojengwa juu yake ulirithi tabia yake: kukusanya, kupandisha juu, kunyamaza. Miezi michache baadaye, Aprili 2014, operesheni ya Usalama Watch ilizoa maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, kutoka Eastleigh na mitaa mingine, wakapelekwa uwanja wa michezo wa Kasarani kuchunguzwa. Hebu mwendee mtu aliyetoka Kasarani mwezi uliopita umwambie polisi sasa wanataka urafiki.

Jina la Nyumba Kumi tuliliazima Tanzania, ambako TANU ilianzisha mabalozi wa nyumba kumi kumi miaka ya 1960. Balozi alikuwa mtu wa chama na jicho la chama alikuwa nalo, sitaki kumpamba. Lakini aliishi mahali pamoja miaka na mikaka, alijua nani kafiwa na nani kajifungua, na ugomvi wa majirani ulianzia kwake kabla ya kwenda popote. Sisi tulichukua hesabu yake tukaileta Pipeline.

Asiyeijua Pipeline ya Embakasi na awaze maghorofa yaliyobanana hadi mtu anaweza kumpitishia jirani wa ploti ya pili chumvi dirishani. Vyumba kumi hupatikana kwenye korido moja, na huenda wakaazi wake hawajuani kwa jina. Mwisho wa mwezi mikokoteni hujaa magodoro: huyu kapata nyumba ya bei nafuu Tassia, yule kapoteza kazi viwandani, mwingine ametoroka kodi. Nyumba kumi zako za Januari si zile za Machi. Watetezi wa mpango husema kumi isihesabiwe kwa vidole, kwamba ni kundi la majirani wenye maslahi ya pamoja. Sawa. Ila maslahi ya pamoja ya watu wanaopishana ngazini gizani ni maji yapande na stima isipotee. Hayatoshi kumfanya mtu aweke shingo yake rehani kwa ajili ya mtungi wa mwenzake.

Ukiniuliza nani hasa afisa wa polisi jamii wa jiji hili, nitamtaja keateka. Ndiye anayejua nani huingia saa tisa usiku na begi zito na kutoka nalo likiwa jepesi. Hata hivyo keateka ni mtu wa lendilodi, na kazi aliyopewa ni kodi. Dawa yake ya uhalifu ni kutia kufuli lake juu ya kufuli lako na kukuambia uhame. Kwa hiyo mwizi wa Pipeline anakuwa mwizi wa Kware, na takwimu za ploti yetu zinapendeza.

Juu ya hayo kuna mabwana wawili. Sheria iliuweka mpango mikononi mwa polisi, na polisi wana Inspekta Jenerali wao. Nyumba Kumi ilikulia kambini kwa chifu, na chifu ni wa utawala, chini ya wizara ya usalama wa ndani. Sheria hiyohiyo ilitaja pia mamlaka ya polisi ya kaunti ambayo gavana angeiongoza, wazo zuri ambalo lilikwama katika mvutano wa nani mwenye usalama, serikali kuu au kaunti. Matokeo yake mkazi mwenye malalamiko dhidi ya polisi humwambia mzee wa Nyumba Kumi, naye mzee akampelekea naibu wa chifu, naibu akamfikishia chifu, na chifu hana amri yoyote juu ya OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi. Malalamiko yamegonga ukuta. Lakini habari za kumhusu kijana wa orofa ya tano hupita njia hiyohiyo bila kukwama popote.

Mzee mwenyewe, na siku hizi mara nyingi ni mama, halipwi. Hana mshahara, hana bima, salio la simu analojipigia ni lake. Tunamtaka aamke usiku kuamua ugomvi wa mume na mke, asubuhi awe barazani, mchana aende kibarua chake, kisha tunashangaa akiomba ya soda kabla ya kukusindikiza kutafuta barua ya chifu. Nimewajua waliofanya kazi hii kwa moyo safi. Nimemjua pia mmoja ambaye changaa ya mtaani kwetu haikuwahi kukamatwa tangu achaguliwe. Linganisha na msitu wa Karura, ambako zamani watu waliogopa kukanyaga. Kikundi cha Friends of Karura Forest na idara ya misitu walizungushia ua na kuwaajiri kama walinzi vijana wa vijiji vya jirani, vijana ambao msitu walikuwa wakiujua kwa njia nyingine. Waliajiriwa, ndilo neno ninalotaka msomaji aliangalie. Leo familia hupiga mandari mle.

Na wanaosema basi vijana wa mtaa wapewe rungu wajilinde, nawakumbusha Machi 2002, Kariobangi Kaskazini. Zaidi ya watu 20 waliuawa usiku mmoja katika vita vya Mungiki na kundi lililoitwa Taliban, na yote mawili yalikuwa yamejitwalia ulinzi wa mitaa. Kodi ya ulinzi ikishaanza kukusanywa mlango kwa mlango, hakuna anayekumbuka ulikuwa ulinzi dhidi ya nani.

Kuna jambo zito zaidi ya haya ya muundo, na ni la kumbukumbu. Aprili 24, 1954 jeshi la Waingereza lilizingira Nairobi katika ile Operesheni Anvil, likiwasaka Mau Mau. Wanaume walipangwa mistari wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia kichwani, macho tu yakionekana kupitia matundu. Gunia likitikisa kichwa kuitikia, mtu alikwenda kizuizini. Zaidi ya watu 20,000 walikwenda. Wazee waliwaita wale gakunia. Sidhani kijana wa Kayole anayesema “mimi sisnichi”, yaani siwatoboi wenzangu kwa polisi, ameisikia hadithi hiyo, lakini neno lake lina ukoo. Jiji hili lilimjua mtoa habari kwanza akiwa amevaa gunia, na tangu hapo kila serikali imemwomba mwananchi atoe habari bila kumwonyesha kwamba gunia limevuliwa.

Sasa nirudi kwa kijana wa mtungi, maana kuna kitu sikukisema. Mama yake anauza chapati na maharagwe nje ya geti letu. Ananiita baba Njeri, na siku nisipokuwa na pesa hunikopesha bila kuandika. Nilipolitaja jina la mwanawe pale kaunta, nilijua ninampeleka wapi? Mahakamani, kituo cha urekebishaji, au kwenye mtaro mmoja wa Dandora? Hili si swali la kutunga. Kwa miaka kadhaa kurasa za Facebook zenye jina la Hessy zimekuwa zikibandika picha za vijana wanaodaiwa kuwa wezi, zikiwaonya, na baadhi yao baadaye picha zao zikabandikwa tena wakiwa maiti. Machi 2017 kulisambaa video ya Eastleigh, mchana kweupe, mtu asiye na sare anayeaminika kuwa polisi akimpiga risasi kijana aliyekuwa tayari chini, umati ukitazama. Wapo waliopiga makofi, nakiri, na wengi wao ni watu wema waliochoka kuibiwa. Mimi mwenyewe siku ile ya ngazini, kwa dakika moja, nilitamani mtu fulani amshughulikie. Aibu hiyo ni yangu.

Hapa ndipo hotuba za “msiogope” hukosa shabaha. Barazani hudhaniwa kwamba raia anaogopa kulipiziwa kisasi na mhalifu, na hofu hiyo ipo. Lakini ipo nyingine isiyotajwa: anaogopa kwamba habari yake itamuua mtoto wa jirani. Anataka kijana aache wizi, hataki azikwe. Mahali ambapo hakuna kinachowezekana kati ya kupuuzwa na kuuawa, mtu mwenye utu huchagua kunyamaza, na ukimya wake huitwa kuficha wahalifu. Sheria ya kuwalinda mashahidi tunayo tangu 2006 na wakala wake upo, lakini umeumbwa kwa shahidi wa kesi mahakamani. Aliyetaja jina kaunta akarudi kulala orofa ya tatu hana wakala.

Na polisi wanapokuwa wao ndio wa kuulizwa, mambo huwaje? Machi 30, 2020 Yassin Moyo, mtoto wa miaka 13, alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, polisi wakitekeleza kafyu ya korona. Hatua zilichukuliwa, afisa mmoja alifikishwa mahakamani. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu, alifia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central hapa jijini. Maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba aligonga kichwa chake ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha yasiyolingana na maelezo hayo. Nayataja mambo haya kwa sababu rahisi. Unaponiomba nikuamini na jina la jirani, nitakumbuka ulivyoeleza kifo cha mtu aliyekuwa chini ya ulinzi wako.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Nina binamu polisi, na nikimtembelea naona mzigo anaobeba. Mwaka wa 2018 serikali iliwataka maafisa watoke kwenye nyumba za kambini, nyingi zikizibana familia mbili chumba kimoja na pazia katikati, wapange nyumba uraiani kwa marupurupu. Kwa nadharia hakuna polisi jamii bora kuliko polisi aliye jirani yako. Kwa vitendo binamu yangu hukunja sare na kuitia kwenye begi la mgongoni kabla ya kutoka nyumbani, watoto wake wameambiwa waseme baba ni fundi wa stima, na katika ploti yake hajawahi kuhudhuria mkutano hata mmoja wa Nyumba Kumi. Anaogopa majirani kama wanavyomwogopa. Akianza kuzoea mtaa anahamishwa, na anayekuja anaanza upya kuuliza njia ya kwenda soko la nyuma. Isitoshe, wakubwa wake humpima kwa waliokamatwa. Bunduki iliyonaswa ina picha gazetini. Kijana aliyeshawishika kurudi polytechnic hana picha, na hakuna safu ya kumwandika kwenye ripoti ya mwezi.

Kituo chenyewe nacho huwa na gari moja, na mafuta yake ni hadithi ndefu. Wakazi wa Runda na Karen hulitatua hilo kwa vyama vyao vilivyojaa mawakili, vyenye mageti, kamera na kampuni za ulinzi. OCS akipigiwa simu na mwenyekiti wa chama kama hicho hupokea. Huko polisi jamii inafanya kazi vizuri sana. Inafanya kazi kwa sababu jamii ile ina uwezo wa kumsumbua polisi asipojibu. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kati ya Runda na Mathare, na haina uhusiano na nani anapenda amani zaidi.

Ndiyo maana nikiulizwa tuanzie wapi sisemi semina, wala fulana zenye maandishi. Ningeanza na jambo lisilohitaji bajeti: kila baraza la usalama lifunguliwe na OCS akisoma, bila kutaja jina la yeyote, ripoti ngapi zimetoka eneo lile tangu mkutano uliopita na kila moja imefika wapi. Hii imekwenda kortini, hii ushahidi haukutosha, hii tuliipuuza na tunaomba radhi. Kisha ndipo aombe ripoti mpya. Najua pingamizi litakalotolewa, kwamba upelelezi utaharibika. Mtungi wa gesi haumo katika siri za dola. Mengi ya yanayotusumbua ni ya kiwango hicho, taa iliyozimwa, kichochoro, kibanda kinachouza bangi karibu na shule, na hayo yanaweza kujibiwa hadharani bila kumwamsha gaidi yeyote. La pili ni kaunta. Toeni meza moja pembeni yenye mlango unaofungika. Nashangaa kwamba baada ya miaka ishirini ya polisi jamii bado tunataja majina ya watu mbele ya foleni.

Wazo la kusoma ripoti si langu. Nililipata kwa mama mmoja kwenye baraza la mtaani kwetu mwaka jana, viti vya plastiki vimepangwa uwanjani, wageni mashuhuri chini ya hema. Maafisa walikuwa wamemaliza wimbo wao. Mama akainua mkono, akasimama, akajifunga leso vizuri.

“Afande, samahani. Mwezi wa tatu tulileta ripoti kwamba ile taa ya mulika mwizi ya huku chini imezimwa na kuna vijana wananyang’anya wasichana wakitoka kazini. Iliishia wapi?”

OCS alimtazama chifu. Chifu akamgeukia naibu wake. Naibu akamtafuta mzee wa Nyumba Kumi, ambaye alikuwa ameinamia simu. Mwenyekiti akakohoa, akasema swali ni zuri sana, litajibiwa kwenye mengineyo.

Kabla ya kufika mengineyo, mvua ikaanza.